Sanduku la Kioo la Bruce

Benchi letu la mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, ni ubao wa lori lililofia njiani, umelazwa juu ya mawe mawili mbele ya mlango wangu wa ushonaji, na aliyeuweka pale hakuniomba ruhusa. Mimi ni Gérard, fundi wa nguo. Benchini wananiita Bouton, yaani kifungo. Kila asubuhi natoa cherehani nje nipate kufanya kazi, na kila asubuhi Marie-Claire anawasha mbabula yake ya makaa, anatega birika la kahawa ya tangawizi, na kazi yangu inafia hapo hapo. Wanakuja wale wale. Wa kwanza jina lake ni Kule, tunamwita Groupe, kama Wafaransa wanavyoita jenereta, kwa sababu anazitengeneza na yeye mwenyewe akishawaka kumzima ni shida. Félicien, tunamwita Maître, kwa kuwa alisoma sheria mwaka mmoja Kisangani na ule mwaka haujamtoka mpaka leo. Halafu mzee Augustin, ambaye mji mzima unamwita Papa Tayari. Huyu amekimbia vita mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na tangu hapo hanunui kitu kabla hajakibeba kichwani kwanza, pale pale dukani, akatembea nacho mpaka mlangoni na kurudi. Kikimwelemea, anakirudisha na kuaga kwa heshima. Msimcheke. Amani tuliyo nayo Bunia siku hizi ni ya kulala na viatu, na wengi wetu tunafanya kama yeye, ila sisi tunafanya kwa siri.

Asubuhi hiyo Bruce alitokea na shati la misa ingawa haikuwa Jumapili, na uso wa mtu anayekwenda kuposa. Bruce anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, kijana mpole, hana kelele. Alikuwa amejiwekea nia ya kujijengea kompyuta ya kuchezea michezo, yeye mwenyewe, kipande kwa kipande, na vipande vyote vingetoka Kampala kupitia mama Kahindo, mfanyabiashara ambaye huenda huko na kurudi kwa njia ya Mahagi. Kahindo alikuwa anasafiri asubuhi ile ile. Angepita benchini kuchukua neno la mwisho, na akishaondoka ndiyo basi, mpaka mvua ziishe. Bruce alikwisha kuchagua vyote isipokuwa sanduku la kuvitia ndani. Alitaka lile kubwa, zito, lenye ubavu wa kioo. Kosa lake ni kwamba alilisema mbele ya kahawa.

Kule: Bruce, unavaa chemise ya messe, na leo haiko dimanche. Kuko nini?

Bruce: Niko nangoja mama Kahindo, grand. Ataniletea ordinateur ya kucheza. Mais haitakuja nzima. Itakuja bipande bipande, miye mwenyewe nitaijenga.

Maître: Bipande? Iko imekufa?

Bruce: Hapana, Maître. Ukijenga weye mwenyewe, unachagua kila kitu. Processeur, njo kichwa yake. Carte graphique, njo inachora picha ya mchezo. Mémoire, ya kukumbuka. Alimentation, ya kuipatia courant ya umeme. Halafu sanduku yenyewe, ubavu moja iko kioo, kusudi uone bintu yote ya ndani inawaka.

Papa Tayari alikuwa anapuliza kahawa yake. Akaacha kupuliza.

Papa Tayari: Kioo?

Bruce: Kioo, Papa.

Papa Tayari: Sawa kioo ya dirisha?

Bruce: Iko nguvu kushinda ya dirisha.

Papa Tayari: Na uzito?

Bruce: Iko nzito kidogo.

Papa Tayari: Kidogo sawa kuku, ao kidogo sawa mbuzi?

Bruce: Sawa mbuzi, Papa.

Papa Tayari: Mbuzi muke ao mulume?

Bruce akatazama upande wa barabara, labda Kahindo amtokee amwokoe. Hakuna. Zilipita pikipiki mbili na bata wa jirani.

Kule: Muzee, uzito haiko kitu. Kitu iko moto. Miye nimetengeneza mashine ya kusaga mawe kule Bambu, ninajua moto. Hiyo mashine yako, Bruce, inapoa na nini?

Bruce: Na ma-ventilateurs za kupuliza upepo. Iko tatu mbele, moja nyuma.

Kule: Wapi! Hiyo ni ya kupuliza uji ya mutoto. Moteur ya Bambu tuliipoza na maji. Unaweka fût, pipa kubwa ya maji, mupira moja inaingia, mupira moja inatoka.

Bruce: Tena kweli, grand, kuko ordinateurs zingine zinapoa na maji.

Hapo Bruce alijichimbia shimo. Huwezi kumwambia Groupe kwamba amesema kweli halafu utegemee akae kimya.

Kule: Munasikia? Amesema mwenyewe! Basi sikia vile tutafanya. Fût nzima inje, karibu na dirisha. Maji inaingia ku mashine iko baridi, inatoka iko moto. Ile ya moto haitupwe. Marie-Claire anapika nayo kahawa.

Marie-Claire: Kahawa yangu usiiingize mu mambo yako, Groupe.

Kule: Basi batu banaoga nayo. Mama bajamzito kwanza. Bruce akicheza tangu asubuhi mpaka mangaribi, avenue yetu nzima imeoga.

Maître: Na akishindwa mu mchezo?

Kule: Akishindwa anakasirika, anacheza mbio zaidi, maji inachemka zaidi. Ni faida.

Bruce: Mais grand, miye nilitaka tu kucheza football na marafiki.

Kule: Football inatosha kwa kuoga. Kama unataka kupika maharage, utafute mchezo ya vita.

Marie-Claire akazungusha birika. Mimi nikajifanya natia uzi kwenye sindano. Maître alikuwa amekunja miguu kama hakimu, na mtu huyu akikunja miguu ujue anatafuta pa kuingilia.

Maître: Acheni maji. Bruce, ile mwangaza ndani ya kioo, iko rangi gani?

Bruce: Rangi yote. Unachagua.

Maître: Aïe. Njo hapo makambo, matata yote, itaanzia. Tuseme usiku dirisha yako inawaka rouge, nyekundu sawa damu. Patrouille ya baaskari inapita. Rouge ni danger. Banaingia.

Bruce: Nitaweka bleu, rangi ya mbingu.

Maître: Bleu iko ya ONU, ya Umoja wa Mataifa. Asubuhi unafungua mulango, unakuta batu wamepanga mustari na ma-CV, banalomba kazi ya chauffeur, ya kuendesha gari.

Kule: Aweke verte, sawa majani.

Maître: Verte iko ya jeshi. Raia anaweka rangi ya jeshi mu chumba yake kwa ruhusa ya nani?

Marie-Claire: Basi nyeupe, na muache mutoto ya batu apumue.

Maître: Mama, nyeupe ni ya mutu mwenye kuinua mikono. Anajitoa kwa nani? Nani amemupiga?

Bruce: Ninaweza kuizima, Maître. Kuko bouton.

Maître: Kuizima njo mubaya kabisa. Mwangaza yenye kuzimwa wakati patrouille inapita, hiyo haiko tena mwangaza. Hiyo ni preuve, ushahidi.

Kule alipiga paja akisema kweli kabisa, huyu mtu angemaliza masomo tungekuwa mbali. Bruce alianza kutokwa na jasho. Namhurumia kijana anayesikiliza ushauri kwa adabu; adabu yake ndiyo inawapa watu nguvu ya kuendelea.

Marie-Claire, ambaye huwa anatucheka wote, naye siku hiyo alikuwa na lake.

Marie-Claire: Miye sijue rangi. Miye ninajua vumbi. Hizo ventilateurs zinavuta upepo, si vile? Na upepo ya Bunia, saison sèche, wakati ya kiangazi, iko na nini ndani? Vumbi. Mashine yako itakula barabara nzima ya Rwambuzi. Mu mwezi moja, ukiifungua, unapanda muhogo.

Bruce: Kuko filtre, mama.

Marie-Claire: Filtre gani? Filtre ni hii.

Akainua kitambaa chake cha kuchujia kahawa, kilichokuwa cheupe zamani. Na hapo, sitaki kuwaficha, nami nikaingia. Kwa maana ikishafika kwenye vitambaa, huo ni uwanja wangu.

Mimi: Bruce, hiyo ya mama iko ndogo. Miye nitaishonea mashine yako robe.

Bruce: Robe?

Mimi: Robe. Gauni ya coton nyepesi, ipitishe upepo, ikamate vumbi. Mikono minne, kwa ventilateurs. Fermeture ya zipu ku ubavu ya kioo, ukitaka kuona mwangaza unafungua. Unipe tu urefu na kiuno.

Kule: Na fût yangu inapita wapi?

Mimi: Naacha tundu ku mugongo.

Maître: Kitambaa isikuwe rouge.

Tulishaanza kubishana juu ya kola. Bruce alikuwa ameweka mikono kichwani. Ndipo Papa Tayari akaweka kikombe chini, taratibu, akatwambia tumsikilize naye.

Papa Tayari: Miye sina mingi. Mumesema maji, mumesema rangi, mumesema robe. Hakuna mutu amesema barabara. Siku ya barabara, Bruce, fût inabaki, robe inabaki. Kitu ya mutu mwenye akili inakuwa hivi. Iko ndogo. Iko na batterie yake, sababu ku barabara hakuna prise ya umeme. Écran ya kuangalia imeshikamana na mwili, usiache kichwa nyuma. Haina ma-fils, nyaya ya kufunga miguu. Inaingia mu mufuko, sababu mikono yako itakuwa inabeba mutoto.

Maître: Mutoto ya nani? Bruce hajaoa.

Papa Tayari: Ku barabara mutoto hakosekani. Unakuta anasimama peke yake, unabeba.

Hilo halikuwa la kubishia, na kila mmoja pale alikuwa na mtoto wake wa barabarani wa kumkumbuka. Bruce akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake, akaiweka juu ya goti la mzee.

Bruce: Papa, hiyo yote umesema, njo hii. Niko nayo.

Papa Tayari akaigeuza. Akaipima kwa kiganja. Akairudisha.

Papa Tayari: Iko muzuri sana. Sasa unamusumbua mama Kahindo juu ya nini?

Kule alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Lakini Bruce hakucheka. Alisimama, na sauti yake, ambayo huwa ya chini, ilipanda.

Bruce: Papa, nakuheshimu. Mais nimechoka. Tangu nimekuwa na akili, kila kitu ya kwetu iko ya kukunja. Meza ya kukunja, matelas ya kulalia ya kukunja, télé nyembamba sawa sahani. Mama alikuwa na kabati ya mbao kule Nyankunde, milango mbili, tuliiacha siku ya kukimbia. Toka siku ile hatukununua ingine. Nguo yetu iko mu mifuko mpaka leo, imefungwa, iko karibu na mulango. Miye ninataka kitu moja mu nyumba. Moja tu. Yenye haiwezi kukimbia. Nikiiona asubuhi, nijue miye ninakaa hapa.

Nilitazama sindano yangu. Kusema kweli moyo uliniuma, kwa sababu kwangu pia mifuko iko karibu na mlango. Nadhani Papa Tayari naye aliguswa, lakini mzee huyu akiguswa anakuwa mkali.

Papa Tayari: Maneno iko muzuri. Maneno haina uzito. Tuijaribu ku kichwa.

Bruce: Haijafika, Papa. Iko Kampala.

Papa Tayari: Tunatengeneza mufano yake. Ukienda nayo mpaka ku coin ya barabara na kurudi, na kioo haipasuki, miye ninanyamaza mbele ya mama Kahindo. Ikipasuka, unachukua ile ndogo.

Sijui kwa nini walinitazama mimi. Hapana, ninajua. Ni kwa sababu nina sanduku la mbao la kuwekea vitambaa, na nina kioo cha wateja kujitazamia. Nilikataa. Niliwaambia kioo hicho ndicho kinanipatia mkate. Nikiwa bado nakataa, vitambaa vyangu vilishakuwa benchini na kioo kilishafungwa ubavuni mwa sanduku kwa elastiki yangu mwenyewe, ile pana ya viuno vya sketi. Kule akaenda kwenye ukuta unaojengwa ng'ambo ya barabara akarudi na matofali, akawa anayapanga ndani kwa heshima zote.

Kule: Hii ni alimentation. Hii ni carte graphique, iko nzito, si vile?

Bruce: Iko nzito.

Kule: Basi naongeza ingine juu yake. Hii nusu ni mémoire. Hii yenye kupasuka ni processeur.

Maître: Processeur yenye kupasuka haikubaliwe.

Kule: Iko na akili vile vile.

Tukamtwika Bruce. Aliyumba kidogo, akajinyoosha, akaanza kwenda. Alikwenda vizuri, shingo wima, kioo kikimulika jua kwenye nyumba za watu. Nikaanza kumwonea fahari. Lakini Papa Tayari alikuwa ametoka katikati ya barabara, mikono kiunoni, hajaridhika.

Papa Tayari: Huko ni kutembea! Nani anatembea siku ile? Kimbia! Bruce, kimbia!

Bruce akakimbia.

Sasa wewe jiweke mahali pa mtu wa Rwambuzi. Uko mlangoni kwako, unachambua sombe, majani ya muhogo. Miezi imepita hujasikia hata risasi moja, na kimya chenyewe kimeanza kukutisha. Ghafla unaona kijana anapita mbio, ana mzigo kichwani, na nyuma yake kuna mzee, na huyo mzee si mwingine ila Papa Tayari, mtu ambaye hajawahi kukosea siku ya kukimbia, anapiga kelele kwa nguvu zake zote: kimbia! Utauliza swali? Mama wa nyanya hakuuliza. Alikunja meza na nyanya juu yake. Duka la dawa likashusha chuma. Kutoka saluni akatoka dada mmoja, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na msusi anamfuata hajaachia nywele. Mtu mmoja alipita amebeba mlango. Ndiyo, mlango, na bawaba zake. Barabara yote ilikuwa inakimbia nyuma ya Bruce, na Bruce, akisikia miguu ya watu nyuma yake, naye akadhani kuna jambo kweli, akaongeza mwendo.

Maître: Ni essai! Batu ya Rwambuzi, tunajaribu tu, ni essai!

Alikuwa amepanda juu ya benchi kama mhubiri, na hakuna aliyemsikia. Kule hakuonekana. Baadaye tulimkuta chini ya benchi, anasema alikuwa anatafuta kijiko. Mimi nilijikuta nimekumbatia cherehani, chuma na mbao, niko tayari ndani ya mlango wa nyuma, na mpaka leo sikumbuki kuinyanyua. Leo nacheka.

Na Papa Tayari? Mzee aligeuka, akaona umati unamjia, wanawake, watoto, mlango. Ninawaapia kwamba alisahau palepale kuwa ni yeye aliyeanzisha. Akaruka kwenye mbabula, akanyakua birika la kahawa kwa mshikio wake, akatangulia.

Marie-Claire: Papa! Birika yangu! Papa, ni weye umesema bakimbie!

Alikuwa ameshafika kona. Umri wake wote, na aliwapita vijana.

Kilichotuokoa ni honi. Kahindo alikuwa anakuja kutoka upande waliokuwa wanakimbilia, amekaa nyuma ya pikipiki na mifuko yake, kitambaa cha safari kichwani, na yeye si mtu wa kupisha. Alishuka katikati ya njia, akanyoosha mkono kama polisi wa makutano. Wa kwanza kugonga kwenye mkono huo alikuwa Papa Tayari na birika. Wa pili alikuwa Bruce.

Kahindo: Miye ninatoka huko munakwenda. Hakuna kitu. Kuko nini huko munatoka?

Walitazamana. Nyuma yao watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, wakageuka, wakaona barabara yao tupu, na bata yule anatembea katikati yake bila haraka. Mtu akacheka. Halafu kicheko kikawa kingi, kile cha watu ambao dakika iliyopita walikuwa wanalia. Mama wa nyanya alipopita benchini alitutukana kwa lugha tatu. Dada wa saluni hakututukana. Alituonyesha tu upande wa kichwa usiosukwa, akaenda zake. Yule wa mlango alikuwa anauliza kama kuna mtu ameona misumari yake.

Kahindo akawaleta wote wawili benchini kwa miguu, kama mama anayerudisha watoto wa shule. Tukamtua Bruce sanduku. Na sisi tukamweleza Kahindo, sote kwa pamoja: kioo, uzito, mbuzi, fût, rouge, robe, barabara, mutoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Kahindo ni mtu wa Butembo aliyehamia kwetu siku nyingi, amefanya biashara katika nyakati ambazo wengine tulikuwa vichakani, na sijapata kumsikia akipandisha sauti.

Kahindo: Bon. Nimesikia. Sasa munakimbia siku gani?

Maître: Namna gani, mama?

Kahindo: Ninauliza tu. Miye niko mutu ya biashara. Camion yangu ya mizigo itarudi kama mvua imeisha. Kama munakimbia mbele ya hapo, sileti kitu. Kama munakimbia nyuma kidogo, ninamuletea ile ndogo. Kama iko mbali, ninaleta kubwa. Munipatie tu siku, niende, juu batu bananingoja.

Kule alimtazama Maître. Maître alimtazama Papa Tayari, kwa kuwa hayo ndiyo masomo yake. Papa Tayari alifungua kinywa. Nilimwona anatafuta, macho yamekwenda mbali, kama mtu anayepekua mifuko yake yote akijua ufunguo uko mahali fulani. Akafunga kinywa.

Kahindo: Ata mwezi, Papa.

Papa Tayari: Mwezi, mama, sijue.

Kahindo: Mwaka?

Mzee alitikisa kichwa. Hakuna mahali ambapo imeandikwa kwamba mtu lazima ajue, na Kahindo hakuuliza kwa ubaya. Lakini miaka yote hiyo sikuwahi kuwaza kwamba tunajipanga kwa ajili ya siku ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuitaja. Marie-Claire alichukua birika lake, akalipindua juu ya vikombe, akalitikisa. Kahawa yote ilikuwa imemwagika barabarani, kutoka kwetu mpaka kona. Siku hiyo ikawa imekwisha hivyo.

Bruce alipiga magoti mbele ya sanduku langu. Alifungua elastiki, akakitoa kioo, akakipangusa kwa shati lake la misa, huku na huku. Hakikuwa na hata mkwaruzo. Hakumwonyesha Papa Tayari. Alikiegemeza tu ukutani kwangu, taratibu, akasimama.

Bruce: Mama Kahindo, uniletee ile kubwa. Ya kioo.

Kahindo: Ile nzito?

Bruce: Ile nzito.

Kahindo: Aksanti. Njo nilitaka kusikia.

Akapanda pikipiki, akapanga mifuko yake kwenye mapaja. Dereva alikwisha kuwasha alipoona mzee amesimama mbele ya gurudumu.

Papa Tayari: Mama, ngoja kidogo.

Alimsogelea akasema kwa sauti ya chini, lakini sauti ya chini ya mtu asiyesikia vizuri tunaisikia sote.

Papa Tayari: Na miye pia. Uniletee salon, viti ya sebule.

Kahindo: Salon? Ma-fauteuils?

Papa Tayari: Ma-fauteuils. Na ile ndefu, ya kukaa batu tatu.

Kahindo: Papa, salon banatengeneza hapa hapa Bunia. Ba-menuisiers, mafundi ya mbao, bamejaa.

Papa Tayari: Ninajua. Mais nikienda miye mwenyewe, nitarudi na kiti ya kukunja.

Kahindo alimtazama kitambo.

Kahindo: Ikuwe ya namna gani, Papa?

Papa Tayari: Nzito. Mama, nzito kabisa. Ikiingia mu nyumba, isitoke tena.

Kahindo akakubali kwa kichwa, akamgusa dereva begani, wakaondoka kwenye vumbi. Papa Tayari alibaki amesimama katikati ya barabara, hana birika, hana mzigo, na mikono yake hakujua aiweke wapi.